Bastola ya Kulinda Nyumba Marekani: Mwongozo Kamili, Kuanzia Sheria hadi Mazoezi

Wanaokwama kwenye jambo hili karibu wote hukwama mahali pamoja: wanaanzia dukani. Mtu anasikia jirani kavunjiwa mlango, Jumamosi anakwenda duka la silaha, anatoka na bastola aliyosifiwa na muuzaji pamoja na boksi moja la risasi. Akifika nyumbani anaiviringisha kwenye taulo na kuipandisha juu ya kabati. Miezi sita baadaye hakumbuki kama aliiacha na risasi ndani, mkewe hajui kama ipo, na mtoto wa miaka saba anajua ilipo.

Duka ni hatua ya tano katika mwongozo huu. Nimeupanga hivyo makusudi, na ukiruka hatua moja zinazofuata hazitakaa sawa.

Ninawaandikia wasemaji wa Kiswahili wanaoishi Marekani: Columbus, Dallas, Minneapolis, Louisville na kwingineko. Kenya na Tanzania leseni ya silaha ina taratibu zake, tena ngumu kuliko za huku. Usichukue ya hapa ukampa ndugu aliye Mwanza au Mombasa.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kitambulisho cha jimbo chenye anwani unayoishi sasa, na hati zako zote za uhamiaji kama si raia.
- Kasha la chuma lenye kufuli, la kufungwa kwa skrubu au kwa waya wa chuma kwenye kitu kisichobebeka.
- Tochi nzuri ya mkononi, mbali na ile ya kwenye simu.
- Miwani ya kinga, vizibo vya masikio, na vifunika masikio vya kuvaa juu yake.
- Risasi bandia za plastiki tano au sita za kufanyia mazoezi.
- Ada ya darasa la siku moja na mkufunzi aliyethibitishwa.
- Risasi za mazoezi kwa mwaka mzima, siyo boksi moja.
- Bastola yenyewe.

Bastola nimeiweka mwisho kwa sababu za fedha pia. Bastola mpya ya kuaminika huzunguka dola 400 hadi 600. Mwenye dola 600 mfukoni akizimaliza zote kwenye bastola atakosa kasha, atakosa darasa, na risasi za mazoezi atanunua "mwezi ujao" mpaka Krismasi. Kama fedha hazitoshi, subiri. Utakaposoma hatua ya 2 utaona kuna mengi ya kufanya wakati unasubiri.

## Hatua ya 1: Hakikisha sheria inakuruhusu

Inaanza sheria ya shirikisho, inafuata ya jimbo, na miji mingine ina yake. Ya shirikisho ndiyo inayowanasa watu wetu, kwa sababu inaangalia hadhi yako ya uhamiaji.

Raia na mwenye Grinikadi anaweza kununua, mradi hana kizuizi kingine. Muuzaji mwenye leseni haruhusiwi kumuuzia bastola aliye chini ya miaka 21, wala bunduki ndefu aliye chini ya miaka 18.

Mwenye viza ya muda, awe mwanafunzi, mtalii au mfanyakazi wa mkataba, kwa kawaida haruhusiwi, isipokuwa vighairi vichache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Na marufuku hii si ya kununua tu, ni ya kuwa na silaha mkononi. Mwanafunzi mwenye viza ya F-1 anayekwenda na wenzake uwanja wa shabaha Jumapili ili apige picha anaweza kuwa ametenda kosa la jinai la shirikisho bila kununua hata risasi moja. Picha yenyewe ndiyo ushahidi, na ameiweka mtandaoni kwa mkono wake.

Asiye na hati haruhusiwi kabisa. Mkimbizi na aliyepewa hifadhi hawahesabiwi kama wenye viza ya muda, lakini nenda kwanza kwa wakili wa uhamiaji na barua zako. Saa moja ya wakili ni rahisi kuliko kesi.

Vizuizi vingine vinawahusu wote, raia na wasio raia: hukumu ya kosa kubwa la jinai, hukumu ya ukatili wa nyumbani, hata kama mahakama iliiita kosa dogo, amri ya mahakama ya kukuzuia kumsogelea mwenzi wako, kuwahi kulazwa hospitali ya akili kwa amri ya mamlaka, na matumizi ya dawa za kulevya. Hapa bangi inawachanganya wengi. Jimbo lako linaweza kuiruhusu iuzwe kando ya duka la mkate, lakini fomu ya kununulia silaha ni ya serikali ya shirikisho na inaonya kwamba ruhusa ya jimbo haikusaidii.

Kwa asiye raia, hukumu ya kosa la silaha ni moja ya sababu za kufukuzwa nchini, hata ukiwa na Grinikadi ya miaka ishirini. Yule rafiki anayekuambia "jaza tu, hawaangalii" yeye ana pasipoti ya bluu ya Marekani.

Kwa upande wa majimbo, tofauti ni kubwa. Illinois inataka kadi ya FOID, kitambulisho cha jimbo cha mwenye silaha, hata kwa kumiliki risasi tu. Minnesota inataka kibali cha kununulia bastola. Massachusetts, New Jersey na New York zinataka leseni kabla hujaigusa. California ina siku 10 za kusubiri. Texas, Ohio na Kentucky hazidai kibali cha kununua. Ukihama jimbo, anza upya kusoma.

Umefaulu hatua hii ukiweza kutaja bila kubahatisha: kibali ambacho jimbo lako linataka, sheria yake ya kuhifadhi silaha penye watoto, na wakili utakayempigia simu. Mpangaji asome pia mkataba wa nyumba.

## Hatua ya 2: Kaza nyumba

Milango mingi ya hapa inashikiliwa na skrubu fupi kwenye fremu ya mbao laini. Teke moja na fremu inapasuka. Zitoe skrubu za kibati cha kitasa na za bawaba, weka zenye urefu wa sentimita 7.5 zinazofika kwenye nguzo ya ukuta. Hiyo ni kazi ya nusu saa na dola chache.

Weka taa inayowaka yenyewe mtu akipita, komeo kwenye mlango wa chumba cha kulala, na fimbo kwenye reli ya mlango wa kioo wa nyuma. Kila kitu kinachomchelewesha mvamizi kinakupa wewe muda wa kuamka, kuelewa kinachotokea na kupiga 911. Bila huo muda, bastola ndani ya kasha haina faida kwako.

## Hatua ya 3: Kasha kabla ya bastola

Nunua kasha dogo la chuma linalofunguka kwa vitufe vya kubonyeza, ambavyo vidole vinaweza kuvikariri gizani. Lifunge kwa skrubu kwenye fremu ya kitanda au ukutani, maana kasha lisilofungwa ni mkoba wa kumbebea mwizi bastola yako.

Makasha ya bei nafuu yanayofunguka kwa alama ya kidole mimi siyapendi. Oktoba 2023 Tume ya Usalama wa Bidhaa ya Marekani ilitangaza kurudishwa kwa makasha yapatayo 61,000 ya aina hiyo kwa sababu yalikuwa yanamfungukia mtu ambaye alama yake haikusajiliwa.

Kwa nini kasha, na si juu ya kabati? Kwa sababu ya watoto kwanza. Usijidanganye kwamba hawajui. Mtoto anajua hata mahali unapoficha biskuti. Na sheria imeanza kuwafuata wazazi. Mwaka 2024 Michigan, baba na mama wa kijana aliyefyatua risasi shuleni Oxford mwaka 2021 walihukumiwa kila mmoja kifungo cha miaka 10 hadi 15. Hawakumpiga mtu risasi. Silaha ilikuwa imemfikia mtoto wao.

Sababu ya pili hatuisemi sana vikaoni kwetu. Mwaka 2023 watu 46,728 walikufa kwa risasi Marekani, na zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe. Katika nyumba yenye bastola, hatari iliyo karibu zaidi mara nyingi si jambazi bali ni mtu wa humo ndani aliye katika kipindi kibaya: kijana aliyefeli, shemeji aliyefukuzwa kazi, au wewe. Kama kuna mtu wa namna hiyo nyumbani mwako sasa, usinunue. Kama tayari unayo, iondoe kwa muda. Maduka kadhaa na baadhi ya vituo vya polisi hukubali kukuhifadhia. Namba 988 inapokea simu za watu walio katika dhiki ya kujidhuru, usiku na mchana.

Jaribu hivi: weka ndani ya kasha kitu chochote, zima taa, lala, halafu simama ulifungue. Ukiweza bila taa, bila miwani yako na bila kukosea vitufe, kasha liko tayari.

## Hatua ya 4: Darasa, kisha uchague

Nenda darasani huna bastola. Mkufunzi mzuri anapenda mwanafunzi wa namna hiyo kwa sababu hajazoea kosa lolote. Atakufundisha kanuni nne, nawe uzijue kama unavyojua jina la mama yako:

1. Kila silaha ichukulie kuwa ina risasi, hata uliyoitoa risasi wewe mwenyewe.
2. Usielekeze mdomo wa mtutu kwa kitu ambacho hauko tayari kukiharibu.
3. Kidole kikae nje ya triga mpaka umelenga na umeamua.
4. Jua unachokipiga na kilicho nyuma yake.

Ya nne ndiyo nzito kwa nyumba za Marekani. Kuta ni za jipsam. Risasi yoyote yenye nguvu ya kumsimamisha mtu itapita ukuta mmoja, pengine miwili. Chumba cha watoto kiko upande gani?

Ukishamaliza darasa, nenda uwanja wa shabaha unaokodisha silaha, ujaribu aina tatu au nne. Wengi wanaruka hapa ili kuokoa dola 40, halafu wanaishi na bastola isiyowafaa.

Shotigani ya pampu, yaani bunduki ndefu unayoikoki kwa mkono kila risasi. Mossberg 500 na Remington 870 ni imara na bei yake si kubwa. Lakini ni ndefu kwenye korido, inakusukuma bega kwa nguvu, na inadai mikono yote miwili. Ile hoja kwamba sauti ya kuikoki peke yake humfukuza mwizi ni habari ya kijiweni.

AR-15, bunduki ndefu inayojikoki yenyewe. Ni rahisi kulenga na haisukumi sana. Lakini nayo ni ndefu, kishindo chake ndani ya chumba ni cha kuumiza masikio, na majimbo kama Illinois, California na New York yanaizuia au kuiwekea masharti mazito.

Bastola ya milimita 9 ya ukubwa wa kati. Hii ndiyo ninayoishauri kwa familia nyingi: Glock 19, Smith & Wesson M&P 9, CZ P-10 C na zinazolingana nazo. Ukiwa nayo mkono mmoja unabaki huru kushika simu, kitasa au mtoto. Inaingia kwenye kasha dogo, na risasi zake ni za bei nafuu kuliko za aina nyingi, maana yake utafanya mazoezi. Majimbo kadhaa yana ukomo wa risasi kwenye magazini, kile kibweta cha risasi kinachoingia kwenye mpini, kwa mfano 10 California na New York.

Muuzaji akimwonyesha dada yako kibastola cha mfukoni cha rangi ya waridi eti "hii ndiyo ya akina mama", mwondoe hapo. Kadiri bastola inavyokuwa ndogo na nyepesi ndivyo inavyorusha mkono na ndivyo inavyokuwa ngumu kulenga. Mwenye viganja dhaifu, au mzee mwenye yabisi ya vidole, ajaribu M&P 9 Shield EZ, iliyotengenezwa ili slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola inayovutwa nyuma, ivutike kwa urahisi.

Iliyokufaa utaijua hivi: sehemu laini ya ncha ya kidole inafika kwenye triga bila kujipinda mkono, unavuta slaidi mara kumi mwenyewe bila kusaidiwa, kidole gumba kinafikia kitufe cha kutoa magazini, na baada ya risasi 50 bado unataka kuendelea. Ukiwa umeanza kufumba macho kabla ya kufyatua, si ya kwako.

## Hatua ya 5: Kununua

Dukani utajaza fomu namba 4473. Isome yote. Usimwachie muuzaji akujazie kwa haraka kwa kuwa kuna foleni. Kama Kiingereza kinakupa shida, nenda na mtu wa kukusomea, lakini majibu yawe yako na sahihi iwe yako. Uongo kwenye fomu hiyo ni kosa la jinai.

Swali moja linauliza kama wewe ndiye mnunuzi halisi. Ukimnunulia binamu ambaye yeye hawezi kununua, umejiingiza kwenye kosa ambalo sheria ya mwaka 2022 imeliwekea kifungo cha hadi miaka 15. Undugu hautakutetea mahakamani. Swali la uraia nalo lijibu kama lilivyo. Asiye raia anayejiandika raia anajiharibia kesi ya silaha na ya uhamiaji kwa kalamu moja.

Baada ya hapo duka linaulizia rekodi zako kwenye mfumo wa FBI. Majibu ni matatu: endelea, subiri, au hapana. Watu wetu hupewa "subiri" mara nyingi kuliko wanavyotarajia, na sababu inaeleweka: jina limeandikwa kwa namna tatu kwenye hati tatu, na tarehe ya kuzaliwa ni ile Januari 1 waliyoandikiwa kambini nusu ya kijiji. Usigombane na muuzaji, yeye hana uamuzi. Likijirudia, FBI ina utaratibu wa hiari wa kuwasilisha alama za vidole ili upewe namba maalumu ya kutaja kila unaponunua, usichanganywe na mtu mwingine.

Nunua aina mbili za risasi. Za mazoezi ni zile za kawaida zenye ncha ya mviringo. Za nyumbani ziwe zenye ncha yenye tundu, ambazo hupanuka zikigonga mwili na hivyo hupunguza uwezekano wa kupita upande wa pili. Kupunguza si kuondoa. Kanuni ya nne bado inakuhusu.

## Hatua ya 6: Mazoezi bila risasi

Hapa ndipo ustadi unapojengwa, na hakugharimu kitu. Dakika kumi, mara tatu kwa wiki, zinakuzidishia kuliko kwenda uwanjani mara moja kwa miezi mitatu na kumaliza boksi zima kwa fujo.

Anza kwa kuitoa risasi, kwa mpangilio huu bila kuugeuza:

1. Mtutu uelekee mahali salama, kidole nje ya triga.
2. Toa magazini.
3. Vuta slaidi nyuma kwa nguvu mara tatu.
4. Ifunge slaidi ikiwa nyuma, angalia ndani ya chemba, mahali risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, kisha pitisha kidole kidogo uhakikishe kwa kugusa.
5. Peleka risasi zote chumba kingine na ufunge mlango.

Magazini hutoka kwanza kwa sababu ukivuta slaidi ikiwa bado ndani, unatoa risasi moja na kuingiza nyingine. Mtu anaiona ile iliyoanguka, anaridhika, anabonyeza triga. Ajali nyingi za "sikujua ina risasi" zilianzia hapo. Wenye Glock wazingatie zaidi, maana kuifungua kwa usafi kunadai ubonyeze triga kwanza.

Bandika karatasi yenye nukta kwenye ukuta imara, wa matofali au wa zege ya chini ya nyumba, siyo wa jipsam wenye watu nyuma. Shika bastola kwa mikono yote miwili, juu kabisa ya mpini, vidole gumba vyote upande mmoja. Jicho likae kwenye kilengeo cha mbele. Sasa bonyeza triga polepole mpaka ilie "ta!", na kilengeo kisitikisike.

Kikitikisika, unavuta kwa kiganja kizima badala ya kidole kimoja. Weka sarafu juu ya bastola, nyuma ya kilengeo cha mbele, urudie. Mara kumi mfululizo bila sarafu kuanguka, endelea hatua inayofuata.

Ukimaliza, sema kwa sauti: "Mazoezi yamekwisha." Inaonekana mchezo wa watoto, lakini hatari kubwa ni mtu anayerudisha risasi kwenye bastola kisha anakumbuka kujaribu mara moja ya mwisho.

## Hatua ya 7: Uwanja wa shabaha

Vaa vizibo masikioni na vifunika juu yake, hasa uwanja wa ndani. Usile wala kunywa humo. Ukitoka nawa kwa sabuni na maji baridi, na ubadilishe nguo kabla ya kumpakata mtoto, kwa sababu moshi na vumbi la risasi lina madini hatari ya risasi (lead kwa Kiingereza). Mjamzito asiende.

Anza yadi 3. Ndiyo, mita tatu kasoro. Wengi wanaisukuma karatasi mwisho wa uwanja ili waonekane mashujaa, wanaikosa, wanaondoka na hasira. Ndani ya nyumba hakuna mahali pa kupiga yadi 25.

Piga risasi tano polepole kwenye duara la ukubwa wa sahani ya chai. Zote zikiingia, sogeza yadi 5, kisha 7. Mwenye kutumia mkono wa kulia akiona zinakusanyika chini kushoto, kwa kawaida vilengeo havina kosa: anaushtukia mlio kabla haujatokea na kuisukuma bastola chini. Dawa yake ni risasi bandia. Mwombe mwenzako akupangie magazini yenye risasi halisi na bandia bila wewe kujua mpangilio. Ukifika kwenye bandia, bastola italia "ta!" na utaona kwa macho yako mtutu unavyochovya. Rudi kwenye sarafu.

Mambo mawili ya usalama ambayo darasa fupi linaweza kuyapita haraka. Ukibonyeza triga risasi isilie, usigeuze bastola kuichungulia. Ishike ikielekea shabaha kwa sekunde 30, kisha uitoe. Na ukisikia mlio hafifu usio wa kawaida, pop badala ya bang, acha papo hapo. Risasi inaweza kuwa imekwama ndani ya mtutu, na inayofuata itaupasua mkononi mwako. Mwite msimamizi.

Lengo la miezi ya kwanza liwe hili: risasi tano katika duara la sentimita 13, yadi 5, ndani ya sekunde tano, urudie mara nne bila kukosa. Ukilifikia, umewazidi wengi wanaojisifu barazani.

## Hatua ya 8: Mpango wa usiku

Ukaifanya vizuri hatua ya 7 na kuiruka hii, umejifunza kufyatua tu.

Chagua chumba kimoja cha kukusanyikia, kwa kawaida cha wazazi au cha watoto, kile ambacho familia inakifikia bila kupita sebuleni. Kengele ikilia au kioo kikivunjika, watoto wanakuja huko au wewe unawafuata. Mnafunga mlango. Mnakaa nyuma ya kitanda. Bastola inaelekea mlangoni, kidole nje ya triga. Unapiga 911. Humtafuti mtu ndani ya nyumba. Polisi wenyewe hawapendi kupekua nyumba wakiwa peke yao; wewe mwenye nguo za kulalia una ulazima gani? Televisheni aichukue.

Simu ya 911 ianze na anwani, ili ikikatika wajue pa kuja. Kisha: mtu kaingia, sisi tuko chumba fulani, nina silaha, nimevaa hivi. Kama Kiingereza kinakukimbia ukiwa na hofu, tamka "Swahili" na usikate. Watakuunganisha na mkalimani. Mfundishe anwani hiyo hata mtoto wa darasa la kwanza.

Fanya zoezi hili mchana, familia nzima, bila bastola kabisa. Chunguza kutoka mahali utakapokaa: nyuma ya mlango kuna nini? Nyuma ya ukuta ule? Kama mstari unaelekea kitanda cha mtoto, badilisha mahali pa kukaa. Wekeni neno la siri la familia, kwa sababu mvamizi wa saa nane usiku mara nyingi ni kijana wako aliyerudi kwa dirisha. Tochi imulike uso na uisubiri sauti. Kamwe usipige kivuli.

Wala usipige kupitia mlango. Aprili 2023, Kansas City, Missouri, kijana wa miaka 16 aitwaye Ralph Yarl alikwenda kuwachukua wadogo zake akakosea nyumba, akabonyeza kengele. Mwenye nyumba, mzee wa miaka 84, akampiga risasi mbili kupitia mlango wa kioo. Kijana alipona, mzee alishtakiwa na baadaye akakiri kosa. Mtu akigonga, usifungue. Zungumza ukiwa kando ya mlango, mwambie unapiga 911, na upige kweli.

Upande wa pili ni mgumu zaidi kwetu. Mei 2024, Florida, Roger Fortson, askari wa jeshi la anga mwenye miaka 23, alifungua mlango wa nyumba yake akiwa na bastola mkononi imeelekea chini. Aliyekuwa anagonga alikuwa polisi. Alipigwa risasi mara tu mlango ulipofunguka, akafa. Bastola ilikuwa yake halali na nyumba ilikuwa yake. Mtu mweusi mwenye silaha mkononi asitegemee kupewa sekunde ya kujieleza.

Kwa hiyo: usiende mlangoni na bastola mkononi. Anayesema ni polisi, mwulize mpokeaji simu wa 911 kama kweli wametuma askari. Wakithibitisha, rudisha bastola kwenye kasha kabla hawajakuona. Kama haiwezekani, iweke sakafuni ujitenge nayo. Mikono mitupu, vidole vimetanuliwa, watoto nyuma yako, tii unachoambiwa. Wajue pia watoto: hakuna kukimbilia askari.

Sheria ya kutumia nguvu ya kuua hutofautiana kwa majimbo, lakini shikilia kipimo kimoja kigumu kuliko vyote: maisha ya mtu yako hatarini sasa hivi na hakuna njia nyingine. Anayekimbia na televisheni yako si hatari tena. Usisikilize mwenye hadithi za Texas za kumpiga risasi mwizi anayekimbia. Ikitokea umefyatua, waambie polisi kwamba ulishambuliwa, waonyeshe ushahidi ulipo, kisha useme unataka wakili, na unyamaze.

Umefaulu pale familia nzima inapofika chumbani, mlango umefungwa, na simu ya kuigiza imesema anwani, ndani ya dakika moja, taa zikiwa zimezimwa.

## Hatua ya 9: Utunzaji

Safisha kila baada ya kwenda uwanjani, kwa mafuta kidogo. Rudia zoezi la usiku kila mnapohama au mtoto anapobadilisha chumba. Badilisha betri za kasha na tochi siku moja kila mwaka. Namba ya bastola iandike mahali tofauti. Ikiibiwa, ripoti siku hiyo hiyo.

Na mkoba unaobebea vifaa vya uwanja wa shabaha usiutumie kwa safari, kamwe. Risasi moja iliyojificha kwenye pindo inaweza kukupita Ohio, ikaonekana kwenye mashine ya Nairobi au Dar es Salaam wakati ndugu wanakusubiri nje na maua, na huko hawatakuuliza kama ni ya mazoezi.